Damu Katika Mswaki

Magonjwa mengi humpigia mtu kelele. Tumbo likiuma utajua, na homa ikikushika utalala. Lakini ugonjwa wa fizi huja kimya kimya, na mara nyingi salamu yake ya kwanza ni damu kidogo katika mswaki. Mabwenini wamo wanaoiona damu hiyo asubuhi, nao huacha kupiga mswaki wakingoja fizi zipone kwanza. Nataka kueleza kwa nini kufanya hivyo ni kuulisha ugonjwa.

Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hujishika juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi, vikafanya utando laini unaonata. Mswaki huuondoa utando huo. Usipoondolewa, baada ya siku chache huanza kushika madini yaliyomo katika mate ukawa mgumu kama chokaa. Huo ndio ukoga, na mswaki hauuwezi tena. Hukwanguliwa na daktari wa meno kwa vyombo vyake.

Ufizi ulioguswa na uchafu huo huvimba, huwa mwekundu, na hutoka damu upesi. Hapo ugonjwa bado ni mchanga, na meno yakisafishwa vizuri ufizi hurudi katika hali yake. Ukiachwa, huenda ukashuka chini ukala mfupa unaoshika meno. Meno hulegea, kinywa hunuka, na mwisho jino zima lisilo na tundu hata moja hung'oka. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu ni mgumu kuujenga.

Wengine husema kwamba damu ya fizi ni kiseyeye, na dawa yake ni machungwa. Ni kweli kwamba kiseyeye hutokana na kukosa vitamini C, nacho kiliwaua mabaharia wengi zamani. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, akawapa tiba mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote. Lakini kwa mtu apataye matunda na mboga, damu ya fizi kwa kawaida hutokana na utando na ukoga, wala chungwa halikwangui ukoga.

Wazazi nao wasidharau fizi za watoto wadogo. Uko ugonjwa uitwao noma, ambao huwashika hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, au waliodhoofishwa na maradhi kama surua. Huanzia katika ufizi, kisha hula shavu na uso kwa siku chache, na usipotibiwa huua wengi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa mapema, dawa za kuua vijidudu huuzuia.

Basi tufanyeje? Tupige mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika mbili, kwa mswaki laini na dawa yenye floraidi. Tupitishe mswaki polepole mpakani mwa jino na ufizi, hata kama damu inatoka. Tusiazimane miswaki, na tujiepushe na tumbaku, kwani huzidisha ugonjwa huu. Maji ya chumvi hutuliza maumivu, lakini hayaondoi ukoga. Damu ikiendelea kwa wiki mbili, mwambie mwalimu wa zamu au mzazi wako, uende kwa daktari wa meno.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Mwenye kuficha fizi zake hufichuliwa na pengo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne