Vibarua wasiohesabiwa chini ya misonobari ya Hispania

USIKU wa kuamkia Oktoba 15, 1879, mito ya Guadalentín na Segura ilifurika kusini-mashariki mwa Hispania na kuua mamia ya watu. Mashamba ya Murcia yalisombwa pamoja na udongo wake.

Mvua haikuwa chanzo pekee. Milima ya eneo hilo, ikiwamo Sierra Espuña, ilikuwa imekatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi, hivyo maji hayakuwa na kizuizi.

Mwishoni mwa karne hiyo, mhandisi wa misitu Ricardo Codorníu aliongoza kazi ya kuotesha upya Sierra Espuña, hasa kwa misonobari ya Aleppo, inayovumilia ukame. Sehemu za chini hupata takriban milimita 300 tu za mvua kwa mwaka.

Miche ilihesabiwa na vibarua wakalipwa. Lakini wapo vibarua wengine ambao hawaingii kwenye daftari: utitiri, majongoo, sisimizi na vijidudu wanaoruka kwa kijimkia kilichokunjwa chini ya tumbo.

Kazi yao ni ngumu. Majani ya msonobari, membamba kama sindano, yana utomvu mwingi na naitrojeni kidogo, hivyo huoza polepole. Ukungu huyalainisha, majongoo huyakatakata, utitiri hula ukungu na mabaki. Kinyesi chao huingia kwenye mboji, na mboji ndiyo hunywa mvua isiteremke bondeni kwa kasi. Kiangazi wengi wao hushuka chini zaidi ardhini, kwa hiyo anayewatafuta Agosti peke yake atadhani udongo umekufa.

Tatizo huja pale misonobari inapobanana bila mimea mingine. Chakula kinakuwa cha aina moja, aina za vijidudu hupungua, majani hurundikana na moto hupata kuni. Ukiyafagia yote kwa kuogopa moto, umewabomolea vijidudu makazi na kuuacha udongo wazi.

Nafuu ni kupunguza miti ili mwanga ufike chini na vichaka vya asili viote, kisha matawi yasagwe na kutandazwa. Kufagia kubaki kandokando ya barabara na nyumba.

Kazi hiyo ina gharama, na mbao za nchi kavu hazirudishi fedha nyingi. Anayelipa ni mwenye msitu mlimani. Anayenufaika zaidi ni mkulima wa malimau na mboga kule bondeni.