Amplifaya Nyingine Tena, Mume Wangu?

Alianza na amplifaya ya wati 20, akahamia ya 40, sasa anaisaka ya 80. Kila boksi jipya likiingia sebuleni, bajeti inayumba na mama mwenye nyumba ananuna.

Jamani, kabla hamjagombana, jueni hili: ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu. Sikio linagundua tofauti, lakini ndogo. Ukitaka muziki usikike mkubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara 10! Ndiyo maana NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kila upande, mpaka leo ina wapenzi wake.

Kwa hiyo kaka, usivunje kibubu haraka. Kwanza sogeza spika mbali kidogo na ukuta, tandika zulia, sikiliza tena. Nawe dada, usinune tu. Zima tivii jioni moja, mkae wote msikilize albamu nzima. Halafu mkubaliane: amplifaya mpya haiingii mpaka ya zamani iuzwe, na bei mnaipanga wawili. Hapo hakuna wa kuficha risiti.