Sokcho: mlima upangiwe kwanza

Anayekwenda kulala siku mbili tu Sokcho, mji wa bandari ulio kaskazini mashariki mwa Korea Kusini, huelekea kugawa muda wake nusu kwa nusu: leo bahari, kesho mlima. Mgawanyo huo una kasoro, kwa sababu bahari humsubiri mgeni, ilhali mlima wa Seoraksan haumsubiri. Kilele chake, Daecheongbong, kina mita 1,708 na pwani iko karibu, hivyo hewa yenye unyevu kutoka baharini ikikutana na kuta zile za mawe hupanda na kugeuka ukungu au mvua. Upepo ukizidi, magari yaningʼiniayo kwenye nyaya kuelekea Gwongeumseong, juu mlimani, husimamishwa. Majira ya kuchipua na mwishoni mwa vuli, njia nyingi za juu hufungwa kwa wiki kadhaa ili kuzuia moto, na hadhari hiyo ina msingi: Aprili 2019 moto ulioanzia Goseong, wilaya jirani, ulisukumwa na upepo mkavu wa milimani ukafika Sokcho usiku uleule.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza yenye anga safi ipewe mlima, na mengine yote yaizunguke. Basi kutoka Seoul huchukua takriban saa mbili na nusu, nafuu iliyoletwa na barabara kuu ya Yangyang iliyokamilika 2017. Ukifika mchana, alasiri yatosha kwa mtaa wa Abai, hata mvua ikinyesha. Mtaa huo haustahili kufanywa kijazio cha ratiba. Sokcho iko kaskazini ya mstari wa latitudo wa 38, na kabla ya vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 ilitawaliwa na Korea Kaskazini. Wakimbizi kutoka Hamgyong, eneo la Korea Kaskazini, walitua katika mtaa huu wakitarajia kurudi kwao upesi. Mpaka ukafungwa, wakabaki. Kivuko chao bado huvutwa kwa mikono kwenye waya wa chuma, na ngisi waliojazwa wali na mboga ni urithi wa jiko lao.

Wapo wanaosema safari ya kwenda na kurudi Seoul siku moja yatosha. Hiyo ni saa tano ndani ya basi, na ukungu ukitanda hakuna siku ya akiba. Hoja ya kulala chini ya mlima, Seorak-dong, badala ya mjini, ina nguvu zaidi, na kwa anayelenga Daecheongbong naikubali, maana lazima aondoke kabla ya mapambazuko. Lakini wageni wengi huishia kwenye ngazi za mwamba wa Ulsanbawi, kwenda na kurudi saa tatu hadi nne, na basi namba 7 huwafikisha langoni kutoka mjini. Mvua ikiwakatalia, wako karibu na soko na bandari. Mpango huu huyumba wikendi za katikati na mwishoni mwa Oktoba, majani yanapogeuka mekundu na barabara ya kwenda mlimani kufurika; hapo chagua Jumanne au Jumatano, au panda basi la kwanza kabisa.