Debe moja lina kilo ngapi? Hesabu ya kufanya kabla ya kuvuka mpaka

Wafanyabiashara wengi wa nafaka hununua kwa debe shambani, lakini wakifika upande wa pili wa mpaka hulipwa kwa kilo. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuibiwa.

Debe ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Debe la zamani lilikuwa bati la mafuta ya taa lenye galoni 4 za Kiingereza. Galoni hiyo ni lita 4.546, kwa hiyo debe lilikuwa na lita 18.2. Ndoo za plastiki zinazoitwa debe siku hizi nyingi ni za lita 20. Jina ni moja, tofauti ni karibu lita 2. (Galoni ya Marekani ni ndogo zaidi, lita 3.785, hivyo uliza ni ipi kabla ya kukubali bei.)

Lita moja ya mahindi makavu ina wastani wa gramu 720. Debe la lita 20 lililosawazishwa mdomoni lina kilo 14.4, lile la zamani kilo 13.1. Maharage ni mazito, debe la lita 20 hufika kilo 15.4, wakati mpunga haufiki kilo 12.

Sasa tazama gunia. Tanzania wengi huhesabu debe 6 kuwa gunia la kilo 100. Kwa debe la kusawazisha, hizo ni kilo 86.4 tu. Ukinunua magunia 100 kwa hesabu hiyo, mzigo una upungufu wa kilo 1,360. Ndiyo maana wanunuzi hudai debe lijazwe mpaka kilele, na mkulima naye hulalamika, kwa haki kabisa. Ukiuza Kenya, kumbuka gunia la mahindi huko huhesabiwa kilo 90, yaani lita 125 au debe 6 na robo.

Kwa wenye malori, mafuta ya kula yana hesabu yake: dumu la lita 20 lina takriban kilo 18.4 bila uzito wa dumu lenyewe.

Usiamini debe la mtu. Lipime tupu, lijaze maji, lipime tena: kila kilo iliyoongezeka ni lita moja. Kisha pima debe tatu za nafaka unayonunua, chukua wastani, na mpatane bei kwa kilo hapo hapo kabla ya kupakia.