Kuchora Ng'ombe na Mashamba ya Kisii na Nyamira

Watu wengi hudhani kwamba picha haina budi kuwa ya jambo la ajabu: simba arukaye, mlima wenye theluji, au mfalme juu ya farasi. Ng'ombe aliyefungwa kamba kando ya migomba, au kuku wachakurao mbele ya jiko, huonekana kuwa mambo madogo yasiyostahili rangi wala karatasi. Walakini baadhi ya wachoraji walioipatia Afrika ya Mashariki sifa kubwa walichora mambo hayo hayo, na watu wa Kisii na Nyamira wana sababu yao ya pekee ya kuyatazama upya.

Sanaa ya Abagusii ijulikanayo zaidi duniani ni ile ya mawe. Huko Tabaka huchimbwa jiwe laini ambalo huchongeka kwa panga na kisu. Wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake wengi husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe liwe nyororo. Vitu vingine hung'arishwa kwa nta tu, ili rangi ya jiwe lenyewe ionekane, ikiwa nyeupe, ya waridi au ya kijivu. Vingine hupakwa rangi kwanza, kisha fundi huchukua chuma chenye ncha na kuchora juu yake. Kila ncha ipitapo rangi hutoka na weupe wa jiwe hutokea. Huo ni uchoraji kamili, ingawa hautumii brashi. Lakini wanyama wachorwao mara nyingi ni twiga, punda milia na tembo, ambao mtoto wa Tabaka hawaoni nyumbani kwao. Sababu yake ni soko, kwa maana mgeni hununua kile alichokuja kukitafuta. Fundi hawezi kulaumiwa. Ada ya shule hailipwi kwa ng'ombe wa jiwe asiye na mnunuzi. Hata hivyo iko hasara.

Hasara hiyo yaonekana wazi mtu akifikiri habari za ebisarate. Hayo yalikuwa makambi ya ng'ombe ambamo vijana wa Abagusii waliishi mbali na nyumba za wazee wao, wakilinda mifugo isinyang'anywe. Katika mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya serikali ya Kiingereza yaliingia nchini na kutwaa ng'ombe kwa maelfu, na kufikia mwaka 1913 makambi hayo yalikuwa yamekomeshwa kwa amri. Vijana waliolala humo hawakuwa na karatasi wala rangi, nao wote wamekwisha kufariki. Leo mwalimu akitaka kuwaonyesha watoto jinsi ua ulivyokaa, moto ulipowashwa, na ng'ombe walivyolala usiku, hana budi kutegemea maneno.

Tena mabadiliko hayakukoma hapo. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa baba hadi wana, na kutoka kwa wana hadi wajukuu, hata malisho ya wazi yamekuwa machache sana. Ng'ombe wengi hufungwa kamba, au huletewa majani zizini. Ng'ombe mdogo mwenye nundu amewapisha ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya katika maboma mengi. Pareto, ambayo zamani iliyafanya mashamba kuwa meupe kwa maua, imepungua. Chai imetanda Nyamira. Mtoto wa leo akichora kile akionacho mlangoni pake, amehifadhi jambo ambalo huenda mwanawe asilikute.

Uchoraji wa namna hii una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake kwa maneno tukio fulani la maisha ya kwao, kisha huwaacha walichore jinsi walivyoliona moyoni. Mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo alikuwa Bwana Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, katika mwaka 1923. Alichora watu wa kwao wakilima, wakikata majani ya ng'ombe na wakichukua pombe ya ndizi. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imewekwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York, Marekani. Mtu huyo baadaye alikuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, wala hakuiona migomba ya kwao kuwa jambo la kuonea haya. Bwana Elimo Njau naye, katika mwaka 1959, alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a habari za maisha ya Yesu, akaziweka katika nchi ile ile ya vilima ambayo waumini huiona watokapo mlangoni.

Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi, Uganda, alikuwa dereva na hakupitia shule ya sanaa, lakini ng'ombe wake wa rangi za ndoto walimfanya ajulikane Nairobi na ng'ambo mpaka alipofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake wengine ni wa buluu. Msomaji anaweza kucheka. Lakini akiwatazama vizuri ataona kwamba shingo na macho ni ya ng'ombe wa kweli, na rangi tu ndiyo iliyopewa uhuru.

Mfano ufaao zaidi kwa mtu asiye na fedha ni wa Bibi Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kusoma Makerere tangu 1950 hata 1952. Baada ya miaka mingi ya ualimu na shamba alirudia sanaa akiwa mtu mzima. Kwa kuwa rangi zilikuwa ghali, alikata vipande vya karatasi za kufungia sabuni na unga, akavibandika kwa gundi mpaka vikawa kuku, mbuzi na watu wa shambani.

Basi mwenye kutaka kujaribu na aanze kwa penseli au kipande cha makaa. Ng'ombe aliyelala akicheua ndiye mwalimu bora, maana hukaa kimya muda mrefu. Mbuzi hana subira hiyo. Kiwiliwili chake chafaa kichorwe kwanza kama sanduku, kisha mstari wa mgongo, nundu juu ya mabega kama anayo, na ngozi ining'iniayo shingoni. Wanaoanza hukosea sana miguu ya nyuma, kwa kuwa huikunja kama magoti ya mtu, hali kiungo kile chaelekea nyuma. Na wengi huchora ng'ombe wa kitabuni! Ni kama wale watoto wachorao nyumba yenye dohani ya matofali, ingawa hawajaingia nyumba yenye dohani hata siku moja.

Katika nchi ya vilima, kazi yafaa ifanywe asubuhi, kwa sababu mvua za Kisii hunyesha mara nyingi alasiri. Vivuli huhama upesi. Kwa hiyo vitiwe alama mapema, wala visibadilishwe kila jua lisogeapo. Vilima vya mbali, kama vile miinuko ya Manga itazamwapo kutoka bondeni, huonekana hafifu na vya buluu kwa ajili ya unyevu wa hewa, na vitu vya karibu huwa na rangi nzito. Ugumu mkubwa ni kijani. Chai, migomba, mahindi na majani ya ng'ombe vyote ni vya kijani, wala hakuna viwili vilivyo sawa. Akipaka kijani kama kilivyotoka chupani, picha yake itapiga kelele; bora aongeze manjano kwa chai changa, na tone la nyekundu kwa migomba iliyo kivulini. Njia za udongo mwekundu na mabati yang'aayo baada ya mvua ndivyo vitakavyolipumzisha jicho.

Udongo wenyewe waweza kuwa rangi, ukipondwa, ukachujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi. Picha isitundikwe jikoni penye moshi, wala kwenye ukuta wenye unyevu. Nyuma yake yaandikwe mahali, mwezi na mwaka, na jina la ng'ombe kama analo.