Intaneti Inapokuwa Nzito: Tuhame Mtandao au Tubaki?

Miongoni mwa malalamiko ambayo watumiaji wa huduma za simu hapa Unguja hutuletea, hili la intaneti nzito lina sura yake peke yake. Bei ya kifurushi inapopanda, mtumiaji huiona. Salio linapopungua pasi na sababu, hulihesabu. Kasi haionekani, hutambulika pale tu kazi inapokwama. Mwenye nyumba ya wageni Kiponda anapandisha picha za vyumba ili mgeni aliyeko Ulaya athibitishe nafasi, na duara linazunguka kwenye kioo hadi mgeni anachagua pengine. Mwanafunzi wa Mwanakwerekwe anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu usiku wa mwisho, na ukurasa unakatika kabla ya kutumwa. Wote wawili fedha ya kifurushi wameshalipa, na muda wa kifurushi utakwisha kama kawaida, kiwe kimetumika au hakikutumika.

Hasira ya namna hiyo ni halali. Hata hivyo, hatua ambayo wengi huikimbilia, yaani kuitupa laini na kununua nyingine, mara nyingi hugharimu zaidi ya ilivyotarajiwa, na pengine haitibu chochote. Katika kurasa hizi tunaeleza kasi hupotelea wapi, namna ya kujua kama kosa ni la mtandao, la simu au la mahali, na kwa yule atakayeamua kuhama, jinsi ya kuhama bila ya kuipoteza namba yake.

Kasi hupotelea wapi

Tuanze na Mji Mkongwe, kwani hapa ndipo watu hushangaa zaidi: mtu yuko katikati ya mji, si shamba, na bado simu haishiki. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake aghalabu hufikia nusu mita au zaidi kwa unene. Mawimbi ya redio yanayobeba intaneti hudhoofika kila yanapopenya ukuta wa aina hiyo. Yale ya masafa ya juu, ambayo kwa kawaida ndiyo yanayobeba data nyingi zaidi, hudhoofika kuliko ya masafa ya chini. Ongeza hapo vichochoro vyembamba na nyumba za ghorofa mbili na tatu zilizoegemeana, na utaelewa kwa nini simu ileile hushika 4G barazani na kushuka hadi 3G mara mtu anapoingia ukumbini. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kampuni haiwezi kusimamisha mnara juu ya dari yoyote iitakayo. Uhifadhi una taratibu zake. Sisi tunaona kuwa ni sawa iwe hivyo, ingawa jambo hilo lina gharama, na mmoja wa walipaji ni mwenye simu.

Kwingineko tatizo si ukuta bali ni watu. Mnara wa simu ni kama mfereji mmoja wa mtaa: maji ni yaleyale, ndoo zikiongezeka kila mmoja hungoja zaidi. Ndiyo maana intaneti huwa nyepesi alfajiri na huanza kulemewa baada ya sala ya Isha, watu wanaporudi majumbani na kufungua video. Katika mwezi wa Ramadhani msongamano husogea mbele, baada ya tarawehe. Siku za Sikukuu hali hiyo huonekana pale Mnazi Mmoja, ambapo maelfu ya watu hukusanyika mahali pamoja, na vivyo hivyo nyakati za jioni mwezi wa Februari wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Wakaazi wa Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani wanaujua msongamano wa aina nyingine: msimu wa wageni, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena wakati wa mwaka mpya, ambapo mnara uliotosha kijiji hulazimika kuhudumia kijiji na hoteli zake zote.

Kisha kuna bahari. Mawasiliano ya Unguja na ulimwengu huvuka mkondo kwenda Dar es Salaam, ambako ndiko zilikotua nyaya kubwa za chini ya bahari, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa wakati mmoja katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito au ikapotea katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku ile aliyetoka dukani na laini mpya mkononi alipata uzito uleule alioukimbia. Kabla ya kuchukua uamuzi wowote, basi, ni vyema kuuliza: Je, leo wenzangu wa mitandao mingine wanalalamika pia? Ikiwa jibu ni ndiyo, ngoja.

Umeme nao huvuka bahari, kwa waya utokao Ras Kiromoni hadi Fumba. Unapokatika, mnara huendelea kwa betri au jenereta kwa muda, na ukikatika kwa saa nyingi mnara mmoja mmoja huzimika na mzigo wake kuhamia kwa jirani yake. Kwa hiyo kasi inayoshuka wakati wa kukosekana umeme isihesabiwe kuwa ni tabia ya kudumu ya mtandao.

Ipo pia simu yenyewe, na hapa tutasema kwa ufupi. Baadhi ya simu za zamani haziwezi kupokea 4G hata zikiwekwa chini ya mnara. Katika baadhi ya simu za laini mbili, laini moja tu ndiyo hupewa 4G. Badilisha mpangilio kabla ya kuilaumu kampuni. Angalia pia programu zinazojisasisha zenyewe, na angalia aina ya kifurushi ulichonunua, kwani kipo cha mitandao ya kijamii pekee ambacho hakitakufungulia ukurasa mwingine wowote.

Pima kabla ya kuamua

Neno "nzito" halimsaidii mtu yeyote, si mtumiaji wala mtoa huduma. Kinachosaidia ni namba. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ambapo ujazo wa kifurushi na ukubwa wa mafaili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Mwenye nyumba ya wageni tuliyemtaja, akiwa na picha 10 za megabaiti 4 kila moja, anapandisha megabiti 320. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde atangoja zaidi ya dakika tano, iwapo hakuna kukatika. Kwa megabiti 8 atangoja sekunde 40. Na azingatie kuwa kasi ya kupandisha aghalabu huwa ndogo kuliko ya kushusha. Matangazo hupenda kutaja ya kushusha.

Programu za kupima kasi zipo nyingi na hazina malipo, lakini hutumia kifurushi chako: kipimo kimoja kwenye mtandao wenye kasi huweza kula megabaiti 30 au zaidi. Usipime kila saa. Tunashauri vipimo vitatu kwa siku, asubuhi, mchana na saa 2 usiku, kwa muda wa siku saba, mahali palepale unapofanyia kazi. Siku mbili kati ya hizo pima pia ukiwa nje, barazani au juu ya paa. Andika tarehe, saa, mahali, alama iliyo juu ya kioo (3G au 4G), kasi ya kushusha na ya kupandisha. Piga picha ya kioo. Daftari hilo ndilo litakalokuamulia.

Ikiwa nje kasi ni nzuri na ndani ni mbaya, adui ni ukuta. Mtandao mwingine unaweza kupenya vizuri zaidi kwa kuwa mnara wake uko upande mwingine au unatumia masafa ya chini, lakini hakuna dhamana. Pengine kuhamisha meza hadi karibu na dirisha kutatosha, au kuweka kifaa cha waifai cha laini dirishani na kukitumia ndani. Ikiwa kasi ni nzuri asubuhi na hufa usiku, mnara umeelemewa, na hapo kuhamia mtandao wenye watumiaji wachache katika mtaa wako huweza kuleta nafuu ya kweli. Ikiwa ni mbaya saa zote, ndani na nje, wakati jirani mwenye laini ya kampuni nyingine anapata vizuri, jibu limeshapatikana.

Tunasisitiza neno jirani. Mtandao unaosifiwa Chukwani huenda usifae Makunduchi, na unaoshika vyema Forodhani huenda ukakuacha Mkunazini, umbali wa dakika chache kwa miguu. Sifa za mtandao "kwa Tanzania nzima" hazikuhusu. Mnara unaokuhudumia ndio unaokuhusu.

Laini ya pili

Kwa maoni yetu, wengi wanaofikiria kuhama hawahitaji kuhama; wanahitaji laini ya pili. Namba ya simu siku hizi imebeba mambo mengi. Ndiyo inayopokea fedha kwa simu, ndiyo inayopokea namba za siri za benki, ndiyo iliyoandikwa ubaoni mlangoni na kwenye vitabu vya wateja. Mtu anaweza kuiacha namba hiyo ilipo, na kununua laini ya mtandao mwingine kwa ajili ya intaneti pekee. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Anza na vifurushi vya siku, si vya mwezi, na rudia vipimo vilevile kwa wiki moja. Ikishindwa, umepoteza kidogo.

Kuhama pamoja na namba

Tangu tarehe 1 Machi 2017, mtumiaji wa simu nchini Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao bila ya kubadili namba, hata tarakimu zake za mwanzo. Anayetaka kufanya hivyo huenda kwa mtandao anaotaka kuhamia, si ule anaouacha. Huchukua kitambulisho na simu yenye laini inayofanya kazi, hujaza fomu, kisha hutuma neno HAMA kwenda namba 15080. Asikubali kuambiwa na mtandao wa zamani kwamba ni lazima awape sababu kwanza.

Yapo ya kutanguliza. Fedha zilizomo katika akaunti ya simu zitolewe zote, kwani akaunti ile ni ya mtandao unaoachwa na haikufuati, utafungua mpya. Mkopo uliochukuliwa kwa simu ulipwe. Muda wa maongezi na kifurushi kilichobaki vitapotea, hivyo vitumie kwanza. Usihame siku unayongoja malipo au ujumbe wa benki. Wajulishe wanaokutumia fedha kwamba namba ni ileile lakini mtandao si ule, na kwamba wasome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kwa sababu ya kuhama huku, tarakimu za mwanzo za namba hazimtambulishi tena mtoa huduma. Majina nayo hubadilika: laini iliyozoeleka Unguja kwa jina la Zantel, kwa mfano, tangu mwishoni mwa mwaka 2024 iko chini ya jina la Yas. Mabadiliko ya jina peke yake hayahamishi mnara wala hayamlazimishi mtumiaji kufanya lolote.

Kulalamika

Kuhama hakumzuii mtu kulalamika, na asiyehama anayo haki ileile. Posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, kwa hiyo msimamizi wa huduma hizi Zanzibar ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye ofisi hapa Zanzibar. Lalamiko halianzii huko, lakini. Huanzia kwa mtoa huduma, kwa kupiga 100 au kufika dukani kwake, na jambo muhimu kuliko yote ni kudai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Bila ya namba hiyo itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba ulilalamika.

Tuseme wazi kwamba vifurushi vingi huuza ujazo, si kasi, na aliyenunua gigabaiti 1 hakuahidiwa kuwa ataitumia kwa dakika ngapi. Hilo ni udhaifu wa soko hili, na tungependa kuona matangazo yakitaja kasi ya chini ambayo mnunuzi ataipata. Kwa sasa lalamiko lenye nguvu ni lile linaloonyesha ahadi na upungufu wake kwa pamoja: tangazo lililosema mtaa wako una 4G, na daftari lako la siku saba linaloonyesha 3G, au kasi iliyotajwa katika kifurushi, na vipimo vilivyo chini yake. Hifadhi tangazo, ujumbe wa kununua kifurushi na picha za vipimo. Mtoa huduma asipojibu au akijibu isivyoridhisha, peleka vyote kwa TCRA pamoja na namba ya kumbukumbu. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo hupokea na kufikisha sauti za watumiaji.

Majirani wanaolalamikia mnara mmoja wafanye hivyo pamoja, kwa barua moja inayotaja shehia, saa za usumbufu na vipimo vya kila mmoja, na nakala ibaki kwa sheha.