Kabla Hujahama Chuo, Hesabu Krediti

Binti wa dada yangu alirudi Katoro mwezi wa pili akiwa na begi moja na karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amemaliza mwaka mmoja na muhula katika chuo cha umma kilicho mbali na huku kwetu. Baba yake akaugua, na duara la dhahabu lililokuwa likimlipia ada likajaa maji. Akaamua kuhamia Mwanza ili awe karibu na nyumbani. Alipokwisha kuniamkia, aliikunjua ile karatasi juu ya meza, akaweka kidole kwenye jumla. "Mjomba, nina krediti 180. Si zangu hizi?"

Chuo alichoomba kilimkubali. Barua ya kumpokea ilitaja kozi, tarehe ya kuripoti na ada, lakini haikusema neno lolote kuhusu krediti. Alipofika, alikaa na mkuu wa idara wakapitia kozi moja baada ya nyingine. Kozi 9 zikaonekana zinalingana na za pale, 6 zikakataliwa. Kati ya hizo 6, mbili ni za msingi na lazima zisomwe mwaka wa kwanza. Basi akaambiwa aanze mwaka wa kwanza. Kozi moja iliyokataliwa ilikuwa ya stadi za mawasiliano, somo linalofundishwa karibu kila chuo kikuu nchini. Sababu waliyompa ni kwamba muhtasari wake haukuwamo kwenye bahasha, kwa hiyo hawakuwa na cha kulinganisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wazazi na vijana wa Geita, Kahama na Shinyanga mjini wanaotaka kuhama chuo: mmepiga hesabu? Wengi wamelinganisha ada ya chuo hiki na ya kile. Ada ndiyo iliyoandikwa kwenye tangazo, ndiyo inayoonekana. Gharama kubwa zaidi imo kwenye krediti zitakazokataliwa.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha mihadhara, mazoezi, maktaba na mtihani. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Kozi 6 za yule binti, zenye krediti 12 kila moja, ni krediti 72, yaani saa 720 alizokwisha kuzisomea na kuzifanyia mitihani akafaulu.

Tuzigeuze ziwe fedha. Chukua ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka kama mfano. Chakula na malazi, tutumie kiwango cha Bodi ya Mikopo, HESLB, kilichopanda mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo ni 2,400,000. Jumla ni 3,700,000 kwa mwaka mmoja wa kurudia, kabla ya bima ya afya ya mwanafunzi, ada ya uthibiti ubora ya TCU, nauli na fotokopi. Kama fedha hizo zimetoka Bodi, zitarudi kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Mwenye mshahara wa 700,000 anakatwa 105,000 kila mwezi, kwa hiyo mwaka ule mmoja unamla miezi 35 na ushee. Na hapo sijagusa mshahara wa mwaka mzima anaoukosa kwa kuchelewa kumaliza.

Kwa hiyo chuo chenye ada nafuu kwa laki mbili lakini kinachokurudisha nyuma mwaka mmoja ni ghali. Sioni namna ya kulipindua hilo.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni ile ambayo watu wengi wa kanda hii hawaifikirii, nayo ni kuhama kampasi ndani ya chuo kilekile. Mwanza ina kampasi za vyuo vya umma ambavyo makao yake yako kwingine: Taasisi ya Uhasibu (TIA), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na kituo cha Chuo cha Mipango cha Dodoma. Shinyanga kuna kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mtaala ni mmoja na mtoa cheti ni mmoja, kwa hiyo krediti zinabaki mahali pake na matokeo yanasomeka kwenye mfumo uleule. Swali linabaki moja tu: je, kozi yako inafundishwa kwenye kampasi hiyo hadi mwaka wa mwisho? Kampasi ndogo hazibebi kozi zote, na nyingine huishia ngazi ya stashahada. Kijana wa Bukombe anayesoma uhasibu Dar es Salaam katika chuo chenye kampasi Mwanza aanzie kwa msajili wake mwenyewe kabla hajapeleka maombi kokote. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita haihofii tena foleni ya kivuko. Mwanza imekuwa safari ya asubuhi.

Ya pili ni kuhama mapema, mwaka wa kwanza, dirisha la uhamisho linapofunguliwa baada ya udahili. Hapo huna krediti za kupoteza. Unatakiwa uwe na sifa za kozi unayoiendea, kozi iwe na nafasi, na vyuo vyote viwili viridhie ili taarifa zako zihamishwe kwenye kumbukumbu za TCU. Wanafunzi wengi hulikosa dirisha hili kwa sababu ya kalenda ya nyumbani. Pamba ya Shinyanga huuzwa kuanzia Mei, mpunga nao una msimu wake, lakini chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati fedha imekwisha kupita mikononi. Mzazi anasema, "Nenda kwanza, tutaona." Kijana anaripoti mbali, na hali inapokuwa ngumu mwezi wa pili, dirisha limeshafungwa. Kama mnajua mapema kwamba kodi ya chumba cha Dar es Salaam hamtaiweza, hameni Novemba. Mwakani mtahama na mzigo.

Ya tatu ni hiyo ya kuhama na krediti kutoka chuo kikuu kimoja cha umma hadi kingine, na ndipo yule binti alipoangukia. Inaruhusiwa, na utaratibu wake upo. Lakini anayeamua kozi ipi inalingana na ipi ni chuo kinachopokea, hata kama vyuo vyote viwili ni vya serikali moja na vinasimamiwa na Tume moja. Idara huangalia maudhui, idadi ya krediti na alama zako. Kozi mbili zinaweza kuwa na jina moja huku moja ikiwa na krediti 8 na nyingine 12, basi ile ndogo ikakataliwa. Kuna pia kozi zenye majina tofauti ambazo ndani ni somo lilelile, na hizo hutaziona usipokuwa na muhtasari mkononi. Kwa hiyo karatasi ya matokeo peke yake haitoshi. Beba muhtasari wa kila kozi uliyosoma, wenye mhuri wa idara. Kuufuatilia ukiwa bado uko chuoni ni kazi ya siku mbili. Kuufuatilia ukiwa Katoro, kwa kupiga simu ofisini na kumtuma rafiki, kunaweza kula miezi miwili.

Ukisomea fani za migodi, ambazo vijana wengi wa ukanda wa dhahabu wanazitaka, uchaguzi ni mwembamba. Uhandisi wa migodi katika vyuo vikuu vya umma unajulikana zaidi Dar es Salaam na Dodoma. Anayetaka kusogea karibu na nyumbani anaweza kuomba Dodoma, lakini kozi za uhandisi zimeshikana kama matofali, huwezi kusoma ya mwaka wa pili bila ile ya kwanza. Hapo kozi moja iliyokataliwa inaweza kukukwamisha mwaka mzima. Mimi kwa fani hizo nashauri mtu abaki alipo, atafute mkopo au msaada wa ada, hata kama moyo uko nyumbani.

Sasa kuna jambo la stashahada, na hapa kuna maumivu mengi. Vyuo vya ufundi viko chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, ambalo zamani lilikuwa NACTE, na huhesabu kwa ngazi za tuzo za ufundi, NTA: 4, 5, 6, hadi 7 na 8 kwa shahada. Vyuo vikuu vina mfumo wake chini ya TCU. Mtu aliyemaliza stashahada ya NTA 6 katika uhasibu akiingia chuo kikuu kusoma uhasibu, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza. Stashahada yake imemfungulia mlango, maana sifa linganishi ni GPA isiyopungua 3.0, lakini haijampunguzia mwaka. Nimekutana na vijana Kahama walioahidiwa na wapiga debe wa vyuo kwamba "diploma inakuvusha hadi mwaka wa pili". Ahadi ya mdomo usiilipie. Kama chuo kinasema hivyo, kiseme kwa barua.

Wanaosoma cheti au stashahada na kutaka kuhamia chuo kingine kwa ngazi inayofuata wana unafuu zaidi, kwa sababu ngazi za NTA zina vituo vya kushukia. Ukimaliza NTA 4 au 5 unashuka na tuzo yako, unapanda kwingine. Ukikatisha katikati ya ngazi ndipo unapoteza. Basi subiri umalize ngazi, matokeo yaingie kwenye mfumo wa NACTVET, ndipo uhame. Tena kwa mafundi, bajeti ya 2023/24 ilifuta ada kwa ngazi ya ufundi katika DIT, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na Chuo cha Ufundi Arusha, na mwaka huohuo Bodi ikaanza kukopesha baadhi ya fani za stashahada, madini ikiwamo. Mzazi anayelipa ada ya chuo binafsi kwa fani ileile alitazame hilo kabla ya kuuza ng'ombe wa pili.

Imebaki njia ya Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo Shinyanga na Geita. Unalipa kwa kozi unazojiandikisha, unasoma ukiwa kwako, unafanya mtihani mkoani. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye karasha, dukani au shuleni, gharama ya 10,000 kwa siku inatoweka kwa sababu anakula kwake. Hiyo peke yake ni 2,400,000 kwa mwaka kwa hesabu yetu ya juu. Ugumu wake ni upweke. Hakuna mhadhiri wa kukuuliza umesoma nini, na anayetoka zamu ya usiku akiwa na vumbi usoni anahitaji moyo wa chuma kufungua moduli. Lakini kwa aliyekwama katikati na hana fedha ya kupanga chumba mjini, kwa fani za sheria, elimu, biashara na sayansi ya jamii, ningeiweka mbele ya kuanza upya chuo kingine.

Kuhusu mkopo: haukufuati wenyewe. Bodi hulipa pale ulipoandikishwa, na hadi uhamisho uthibitishwe na vyuo vyote viwili, bumu linaweza kuchelewa. Weka akiba ya chakula cha muhula mzima kabla ya kuhama. Usipokuwa nayo, utakopa kwa riba mtaani, na riba hiyo haimo kwenye hesabu yoyote niliyoiandika hapo juu.

Nina neno pia kwa wakubwa wa TCU na NACTVET. Jimbo la Florida, Marekani, tangu 1971 lina makubaliano kwamba aliyemaliza miaka miwili ya chuo cha umma cha ngazi ya chini, kwa tuzo inayotambulika, anaingia chuo kikuu cha jimbo akianzia mwaka wa tatu, na namba za kozi zinalingana katika vyuo vya umma. Kwetu, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Mei 2017, Dar es Salaam, kwamba kanda yote ni eneo moja la elimu ya juu. Basi tuanze na Kizumbi na Mwanza. Chapisheni jedwali moja linaloonyesha kozi za mwaka wa kwanza za vyuo vya umma na zinavyolingana, ili mzazi wa Ushirombo alisome kwenye simu kabla hajalipa hata shilingi. Kozi za stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo zinaweza kuwekwa humo hata kesho.

Binti wa dada yangu hakuanza mwaka wa kwanza. Amejiandikisha Chuo Kikuu Huria, asubuhi anauza kwenye steshenari hapo Katoro na jioni anasoma. Safari hii, kabla ya kulipa, alipeleka muhtasari wa kozi zote 15 na akasubiri barua inayotaja kozi kwa kozi. Wewe unayepanga kuhama, omba barua ya namna hiyo, yenye idadi ya krediti zilizokubaliwa na mwaka utakaoanzia. Ukiambiwa "utaelezwa ukiripoti", usilipe.